Forester ya 2005: mkanda wa taimingi nibadilishe lini, na ninunue upi?

Swali: Shikamoo fundi. Nimenunua Subaru Forester ya 2005, otomatiki, isiyo na turbo, imeletwa kutoka Japani mwaka jana. Dashibodi inasoma kilomita 98,000. Fundi mmoja hapa Iringa anasema mkanda wa taimingi wa Subaru unakwenda mpaka 160,000, nisihangaike. Mwingine anasema ubadilishwe sasa, ila mkanda tu, kwa kuwa beringi zake bado nzima. Dukani nimeonyeshwa mikanda mitatu. Bei ya wa kwanza haifiki hata theluthi ya bei ya wa tatu, na muuzaji anaapa yote ni ya Japani. Naenda Dar karibu kila mwezi kupitia mteremko wa Kitonga. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba dada, na hongera kwa gari. Nianze na jibu fupi maana una safari: badilisha sasa, kabla hujashuka Kitonga tena, na usibadilishe mkanda peke yake. Mafundi wako wawili kila mmoja kashika kipande cha ukweli. Wa kwanza kakosea tarehe, wa pili kakosea orodha ya vitu vya kununua.

Hiyo 160,000 haikutoka hewani. Kwa magari ya kizazi hicho yaliyouzwa Marekani, Subaru iliandika kwamba mkanda ubadilishwe kila maili 105,000 au kila miezi 105, lolote litakalotangulia. Maili hizo ni karibu kilomita 169,000. Kwa magari yaliyouzwa Japani kwenyewe, kipimo ni kilomita 100,000. Gari lako limetoka Japani, kwa hiyo chukua 100,000. Na fundi wako aking'ang'ania ya Wamarekani, mwambie asiishie katikati ya sentensi: miezi 105 ni miaka minane na miezi tisa. Gari la 2005 lilimaliza muda huo mwaka 2014 hivi, wakati wewe hujafikiria hata kulinunua. Mkanda ni mpira uliofumwa na nyuzi ndani. Joto la injini linaukausha taratibu hata kama gari linatoka Jumapili tu kwenda kanisani.

Halafu kuna hiyo 98,000 yenyewe. Inawezekana ikawa kweli, Wajapani wengi wanapanda treni na gari linalala nyumbani. Inawezekana pia ikawa imerudishwa nyuma. Sikutishi, nakwambia tu kwamba dashibodi si kumbukumbu ya mkanda. Kumbukumbu ya mkanda, kama ipo, iko kwenye boneti. Mafundi wa Japani wakibadilisha mkanda wa taimingi wana desturi ya kubandika kibandiko kidogo, mara nyingi kwenye kava la mkanda au ubavuni mwa chumba cha injini, chenye tarehe na kilomita. Kipige picha, weka kwenye programu ya kutafsiri ya simu uhakikishe ni cha mkanda, maana vingi utakavyovikuta ni vya oili. Mwaka ukiuona ni namba mbili tu, kwa mfano 24, usishangae. Wanahesabu kwa enzi ya mfalme. Enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo unajumlisha 1988: 24 inakuwa 2012. Heisei ikaisha Aprili 2019, ikaja Reiwa, hiyo unajumlisha 2018. Gari lako lilizaliwa Heisei 17, basi ukikuta mwaka ulio chini ya 17 ujue ni Reiwa, mkanda ni wa juzi juzi na una bahati. Mimi nimewahi kukuta kibandiko kinasema mkanda ulibadilishwa kwenye kilomita 101,000 na dashibodi ya gari hilo hilo inasoma 87,000. Mwenye gari alinyamaza muda mrefu.

Usipokuta kibandiko, hesabu kwamba mkanda uliomo ni ule uliotoka nao kiwandani.

Sasa kwa nini nakukazania hivi. Injini yako, EJ20 ya kamshafti (shafti inayofungua na kufunga valvu) moja kila upande, ina valvu 16, na ni ya aina ambayo pistoni na valvu hupita eneo lile lile kwa zamu. Valvu inashuka, inarudi, ndipo pistoni inapanda. Anayepanga zamu hiyo ni mkanda, unaofunga krenkshafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) na kamshafti zote mbili pamoja. Mkanda ukikatika au ukiruka meno kadhaa, kamshafti zinasimama na baadhi ya valvu ziko wazi, huku pistoni bado zinapanda kwa kasi ya gari. Zinazigonga. Valvu inapinda, hedi (vichwa vya injini vinavyobeba valvu) zinafunguliwa, na hapo hatuzungumzii tena bei ya mkanda.

Mafundi wengi wa rika langu hawauogopi mkanda wa taimingi kwa sababu wamekulia kwenye Corolla za injini ya 5A. Kwenye hizo pistoni haifikii valvu. Mkanda ukikatika unavuta gari hadi gereji, unafunga mwingine, jioni unarudi nyumbani. Wakahamishia uzoefu huo kwenye Subaru, na Subaru haijui habari hizo.

Ikikukuta njiani (naomba isikukute) utaitambua hivi: injini inazima ghafla, bila kugugumia, bila kutoa moshi. Ukiwasha, stata inazungusha injini kwa wepesi usio wa kawaida, mlio mmoja ulionyooka kama cherehani, kwa sababu mgandamizo haupo. Acha hapo hapo. Kila ukizungusha ufunguo unaweza kupinda valvu iliyokuwa imesalimika. Na kwenye mteremko kama ule wa Kitonga kumbuka kwamba injini ikizima, usukani unakuwa mzito, na breki inakupa nguvu ya kawaida mara moja au mbili tu, baada ya hapo inataka mguu wote.

Nije kwa fundi wa pili, wa «mkanda tu». Somo hili nililipia mwenyewe. Miaka mingi nyuma nilimfungia mteja mkanda mpya kwenye Legacy yenye injini ya ukoo huu huu wa EJ. Mkanda ulikuwa mzuri, wa Kijapani kweli, nilimwonyesha na sanduku. Puli, yale magurudumu madogo ambayo mkanda unapitia, nilizizungusha kwa kidole, nikaona zinazunguka vizuri, nikaziacha ili nimpunguzie gharama. Miezi minne baadaye gari likaletwa limefungwa kamba. Nilipotoa kava, mkanda wangu ulikuwa haujakatika. Ulikuwa umechomoka, na upande mmoja umeliwa kama ulipitishwa kwenye msumeno. Puli yenye meno ilikuwa imegeuka rangi ya bluu, ile bluu ya chuma kilichoungua, na golori zake mbili nilizikuta chini ya kava zikibingirika kwenye vumbi jeusi. Beringi ilikauka grisi, ikashika moto, ikasimama, mkanda ukaruka. Valvu sita zilipinda. Nusu ya gharama nililipa mimi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kile kidole changu kilinidanganya. Beringi mpya ya puli hizi ukiizungusha inaenda kwa uzito fulani na kusimama upesi, kwa sababu grisi imejaa. Inayozunguka sana, inayotereza kama gurudumu la skuta ya mtoto, ndiyo iliyokwisha grisi. Sisi tulikuwa tunaisifia.

Kwa hiyo ukifungua, badilisha vyote vinavyoguswa na mkanda: mkanda wenyewe, tenshena (kifaa kinachoukaza mkanda) pamoja na puli yake, puli laini, puli ile yenye meno, na pampu ya maji. Pampu kwa sababu kwenye EJ inazungushwa na mgongo wa mkanda huu huu. Ikianza kuvuja au beringi yake ikifa mwakani, kazi yote inarudiwa, na ikifa vibaya inaondoka na mkanda. Sili ya mbele ya krenki ni ya bei ndogo, iweke mpya. Sili za kamshafti badilisha kama kuna unyevu wa oili. Oili ikiufikia mkanda mpira unalainika na hauchukui muda. Fundi akiona oili imetapakaa nyuma ya puli ya krenki, mwambie ashushe pampu ya oili aangalie skrubu za bamba lake la nyuma. Kwenye injini hizi zina tabia ya kulegea zenyewe.

Mikanda mitatu ya dukani. Kabla ya kuuliza upi ni orijino, uliza upi ni wa injini yako. Jina «Forester» halitoshi. Ile yenye turbo, yenye mdomo wa kuvuta hewa juu ya boneti, ina kamshafti nne na mkanda wake ni mrefu zaidi. Ya kwako ina kamshafti mbili. Nenda na picha mbili kwenye simu: kibati cha kiwandani kilicho ndani ya boneti, chenye chesesi namba inayoanza na SG5 na msimbo wa modeli chini yake, na namba ya injini. Muuzaji anayejua kazi ataingiza chesesi kwenye katalogi na kukutolea namba ya spea. Mkanda wa taimingi wa Subaru namba yake huanza na 13028AA, tenshena 13033AA, puli laini 13073AA, puli yenye meno 13085AA, pampu ya maji 21111AA, halafu zinafuata tarakimu tatu za mwisho ambazo ndizo zinazotofautisha injini na injini. Hizo tatu za mwisho usikubali «zinafanana tu». Ukikuta namba kwenye sanduku, linganisha na iliyo kwenye katalogi, tarakimu kwa tarakimu.

Mikanda ya Kijapani pia huwa na maandishi mgongoni ya aina ya tarakimu, herufi, tarakimu. Za mwanzo ni idadi ya meno, herufi ni umbo la jino, za mwisho ni upana kwa milimita. Mkanda wenye idadi sahihi ya meno lakini herufi tofauti hauingii sawasawa kwenye puli, hata kama kwa macho unaonekana pacha. Nimeona mafundi wakihesabu meno ya mkanda mkuukuu kwa chaki na kwenda kununua kwa hesabu hiyo. Chaki haisomi umbo la jino.

Kuhusu uorijino, nitakwambia ninavyofanya mimi nikiwa kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar. Mkanda ulioning'inizwa kwenye msumari mbele ya duka siununui, hata uwe umetoka kiwandani na malaika. Jua linaukausha, na pale kwenye msumari umekunjwa pembe kali kwa miezi. Nyuzi za ndani hazipendi kukunjwa. Ndiyo sababu hata fundi hatakiwi kuupinda mkanda nje ndani kuonyesha ulivyo laini. Nataka mkanda uliokaa ndani ya sanduku lake, duka lenye kivuli, na muuzaji anayeandika namba ya spea kwenye risiti. Anayekataa kuiandika kanijibu.

Si lazima liwe sanduku la Subaru. Mitsuboshi, Bando na Gates wanatengeneza mikanda mizuri. Beringi za NSK, NTN na Koyo naziamini. Aisin wanauza seti nzima, mkanda na puli na pampu kwenye boksi moja, na kwa mtu wa Iringa anayeagiza kwa basi hiyo ndiyo njia yenye wasiwasi mdogo, kwa sababu vitu vyote vimepangwa kwa injini moja. Shida ni kwamba majina hayo ndiyo yanayoigwa. Kwa hiyo fungua sanduku. Kwenye mkanda angalia kingo: zimekatwa sawasawa, hakuna uzi uliochomoza, meno yote yana kina kimoja, maandishi yamenyooka. Kwenye puli geuza uangalie beringi yenyewe. Jina la mtengeneza beringi huwa limechorwa kwenye chuma, halijabandikwa karatasi. Izungushe. Nimeshakwambia unatafuta uzito, si wepesi. Tenshena ibonyeze kwa nguvu ya mikono yako: ikizama kama pampu ya baiskeli, irudishe.

Ule wa bei ya theluthi sikushauri, na sababu ni hesabu tu. Kazi yenyewe ya kufungua na kufunga ni ile ile, kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) ni ile ile, siku ya fundi ni ile ile. Unachookoa ni kidogo ukilinganisha na hedi mbili mezani.

Siku ya kazi, kama unaweza, kaa pale gereji. Huhitaji kujua ufundi, kuna mambo matatu tu ya kutazama.

La kwanza ni alama ya krenki. Kwenye puli ndogo yenye meno ya krenkshafti kuna mshale unaoonekana mbele wazi kabisa, na ndio unaowaponza wengi. Alama ya kufungia mkanda si huo mshale. Ni mstari mdogo uliochongwa nyuma, kwenye ukingo wa bamba lenye meno machache makubwa, unaotazamana na alama iliyo juu yake kwenye mwili wa pampu ya oili. Ukikaa hapo pistoni zote nne ziko katikati ya safari, hakuna iliyo juu, na kamshafti zinaweza kuguswa bila kugonga kitu. Fundi aliyezoea Toyota atataka pistoni namba moja iwe juu kabisa. Mwambie kwa adabu aangalie kitabu. Kamshafti nazo zina alama zake, kila moja inatazama kijinoti kilicho juu kwenye kava la nyuma.

La pili ni tenshena. Hata ikiwa mpya huja na pini inayozuia fimbo yake isitoke. Hiyo haichomolewi mpaka mkanda umekaa kwenye puli zote. Ikichomoka kwa bahati mbaya, fimbo yake hurudishwa ndani kwa jiliwa au mashine ya kubana, ikiwa imesimama wima, polepole. Kitabu cha Subaru kinataka kazi hiyo ichukue zaidi ya dakika tatu. Dakika tatu za kubana kitu kidogo hivyo ni ndefu sana kwa fundi mwenye foleni, na ndiyo maana wengi wanamaliza kwa sekunde kumi na kuharibu sili ya ndani. Tenshena hiyo itafanya kazi wiki kadhaa, kisha utasikia kilio cha tak-tak asubuhi injini ikiwa baridi.

La tatu: baada ya kufunga, kabla ya kurudisha makava, fundi azungushe krenki kwa mkono, kwa spana, mizunguko miwili kamili kufuata mshale wa saa, kisha akague alama upya. Akihisi kitu kinagonga asilazimishe. Usishtuke ukiona mistari ya rangi iliyo kwenye mkanda haikai tena kwenye alama. Hiyo ni ya kufungia mara ya kwanza tu, ikizunguka inahama. Zinazotakiwa kurudi mahali pake ni alama za chuma.

Boliti za puli zinafungwa kwa spana ya kipimo, ile inayotoa mlio ikifika nguvu uliyoiweka. Puli laini ni newton-mita 39. Boliti kubwa ya krenki inataka zaidi sana, kwa kipimo cha kitabu cha injini yako, na si kwa «nimeisikia imekaza». Ikilegea, puli inayumba na kula ufunguo wake (kipande cha chuma kinachoishikilia kwenye shafti) mpaka shafti yenyewe inachimbika. Baadaye mjaze kulanti, si maji ya bomba, na watoe hewa vizuri, maana injini hii ya kulala inapenda kuficha mapovu ya hewa.

Fundi anayeijua Subaru kazi hii inamchukua saa nne hadi sita pamoja na pampu. Anayekuahidi saa moja na nusu muulize ataruka nini.

Kwa wengine watakaosoma hapa wakiwa na Subaru nyingine: Legacy na Impreza za injini za EJ zina mkanda, habari ni hii hii. Forester za Japani zisizo na turbo zilizotoka kuanzia mwisho wa 2010 zina injini ya FB20, hiyo ni cheni, haina ratiba ya kubadilisha; inachodai ni oili safi kwa wakati. Zenye turbo za kipindi hicho ziliendelea na EJ na mkanda wake kwa muda, kwa hiyo msiangalie mwaka peke yake, angalieni namba ya injini.

Ukimaliza, omba mkanda na puli za zamani uondoke nazo, angalau uzione zilitoka. Kisha chukua kipande cha karatasi ngumu, andika tarehe, kilomita zilizo kwenye dashibodi siku hiyo na namba za spea ulizofunga, kifunike kwa selotepu pana na ukibandike ndani ya boneti, pale Wajapani walipotakiwa kuwa wamebandika cha kwao. Safari hii mwaka uandike kamili, tarakimu nne.